Kijiti Ndani ya Kifuko

Katika ua wa Mama Mushiya, upande wa Manika mjini Kolwezi, siku ilianza kwa maji. Darlène, binti yake wa miaka kumi na miwili, aliamka, akajaza ndoo, akamwagilia miche ya parachichi iliyopangwa ukutani ndani ya mifuko myeusi ya plastiki. Kisha alifuta vumbi jekundu kwenye majani. Malori ya madini yalipita barabarani mchana na usiku, na vumbi lao halikuuliza kama watu wameshafagia. Baada ya hapo ndipo alipokunywa chai na kwenda shule. Baba yake alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Nzilo na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo kazi ya ua ilikuwa ya mama na mtoto.

Mama Mushiya alikuwa fundi wa kubebesha miche. Alikata kijiti kichanga chenye macho ya kuchipua kutoka kwenye mti unaozaa vizuri, akakichonga, akakipachika juu ya mche uliooteshwa kwa kokwa, akakifunga kwa utepe. Mche ukikubali, huzaa mapema, na huzaa matunda ya ule mti mzuri. Ukikataa, kijiti hukauka. Na mara nyingi kukubali au kukataa kulitegemea kisu.

Jamani, kile kilikuwa kisu kweli! Kilikuwa cha kukunja, chenye mpini wa mbao nyekundu, ubapa mwembamba unaokata bila kuponda, na ulimi mdogo wa shaba wa kufungulia gome. Kilitoka Ulaya, na Mama Mushiya alikinunua Lubumbashi kwa bei ya mbuzi wawili wakubwa. Watu wengine huwaonyesha wageni televisheni yao. Yeye alionyesha kisu.

Hakukiweka mfukoni hata siku moja. Alikishonea kifuko kutokana na ngozi ya buti la marehemu baba yake, aliyeletwa kutoka Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi mgodini. Kifuko kilikuwa na kifungo, na kilivaliwa kwenye mkanda. Zaidi ya hayo, mpini wa kisu ulikuwa na kipete, na kwenye kipete hicho kulifungwa kamba ya nailoni iliyoshikamana na mkanda uleule. Kisu kikiponyoka mkononi, kilining'inia tu. Kila Darlène alipopewa kisu ili ajifunze kukata, mama yake aliuliza neno moja.

"Kamba?"

"Iko, mama."

Darlène alijibu hivyo bila kutazama, kama mtu anavyoitikia salamu ya jirani. Ukweli ni kwamba kamba ile ilimwaibisha. Siku moja Glodie, binti ya shangazi yake anayekaa Musonoi, alimwona nayo akacheka mpaka akakaa chini. "Aka! Wamekufunga kama mbuzi?" Darlène hakusahau maneno hayo.

Ijumaa moja ya Novemba, Mama Mushiya alimwita alipotoka shule. Mteja kutoka Kasaji, Tata Ngeleka, alikuwa ameagiza miche mingi, na lori lake lingekuja kuichukua baada ya wiki chache. Ilibidi ibebeshwe sasa, wakati wa mvua.

"Mi naenda soko," alisema mama. "Wewe enda Musonoi kwa shangazi Marie, kata bijiti kwa ule muti wake wa avoka. Bivyenye macho ya kuvimba, nilikuonyesha. Ufunge mu kitambaa ya maji. Kisu iko mu kifuko, vaa mukanda. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Mama alipoondoka, Darlène aliutazama mkanda ukining'inia kwenye msumari karibu na mlango. Akamfikiria Glodie. Akafungua kamba, akachomoa kisu, akaacha kifuko palepale. Kisha akajifunga kitenge juu ya sketi, kwa sababu ya vumbi la barabarani, akakiweka kisu kwenye pembe ya kitenge na kupiga fundo kiunoni. Mama zake wakubwa wote walibeba fedha yao hivyo, na hakuna aliyewacheka.

Lakini noti ni karatasi. Hujikunja na kushikana na nguo. Kisu ni kizito na kinateleza, na fundo halikijui.

Alifika Musonoi salama, akakata vijiti kumi na kitu, akavifunga kwenye kitambaa chenye maji. Glodie hakucheka kitu. Wakati wa kurudi alipanda pikipiki ya abiria, na ilipovuka reli ikaruka juu na kushuka kwa kishindo. Darlène alihisi kitenge kimelegea. Mkono mmoja ulishika vijiti. Kwa mkono wa pili akakivuta kitenge na kukibana chini ya paja. Hakutazama fundo. Alilitazama alipofika nyumbani, na halikuwa na kitu.

Alipekua kitenge, akapekua kitambaa, akarudi mpaka kwenye kona ya barabara akiinama kila hatua. Mvua ilianza kunyesha. Mama angerudi wakati wowote.

Hapo ndipo alipofanya jambo baya kuliko kupoteza kisu. Alichukua kijiti kimoja cha parachichi, akakivunja kwa kipimo cha kisu, akakifunga kamba ya nailoni na kukitia ndani ya kifuko. Kifungo kikafungwa. Kifuko kilining'inia msumarini kimejaa, kama siku zote. Mama aliporudi amelowa, alikitazama kwa mbali, akavitazama vijiti, akasema, "Umekata muzuri, mutoto wangu."

Asubuhi, siku ya Jumamosi, Mama Mushiya alivaa mkanda, akakaa kwenye kiti chake kifupi mbele ya miche, akafungua kifuko. Akatoa kijiti.

Alikigeuza huku na huku, kana kwamba kisu kingeweza kuwa upande wa pili.

"Ni nini hii?" alisema polepole. Kisha akasimama, na sauti yake ikapanda. "Ni nini hii! Mutu ameiba kisu yangu, ameweka kijiti ili nisijue!"

Jana mchana, wakati mama yuko sokoni na Darlène yuko Musonoi, mtu mmoja tu alikuwa uani. Alikuwa Rémy, kijana aliyepanga chumba cha nyuma. Alitoka Kasai kuja kuchimba shaba na kobalti kwa mikono, na mvua ilikuwa imejaza shimo lao, kwa hiyo alishinda nyumbani. Mama Mushiya alimpa kile chumba kwa sababu aliongea Kiluba cha Kasai kama marehemu baba yake. Sasa alitoka mlangoni na mswaki mdomoni.

"Rémy! Kisu yangu iko wapi?"

"Kisu gani, mama?"

"Usiniulize kisu gani! Mi nilikupokea kama mutoto wa kwetu, nikakupa na maji ya kuoga bure! Ni hivi unanilipa?"

Vichwa vya majirani vilianza kuonekana juu ya ukuta. Huko Manika, ugomvi wa asubuhi una watazamaji kabla haujapata sababu.

Rémy alitema povu, akapangusa mdomo. Hakupiga kelele. Aliokota kijiti ambacho Mama Mushiya alikitupa chini, akakitazama, akakikwaruza gome kwa ukucha. Chini ya gome kilikuwa kibichi. Akakinusa. Kisha akatazama kitambaa chenye maji, ambamo vijiti vingine vilikuwa vimelala, na mwisho akamtazama Darlène.

Alijua. Darlène aliliona hilo usoni mwake, wazi kabisa, na akangoja aseme.

Rémy hakusema. Alikiweka kijiti juu ya ndoo. "Mama, mi sikukamata kisu yako," alisema. "Lakini kama haunitaki tena, nitaenda."

"Enda!" alisema Mama Mushiya. "Leo hii!"

Akaingia ndani. Walimsikia akikunja godoro. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha mawingu mazito, mashimo yalikuwa na maji, na kijana huyo hakuwa na ndugu hata mmoja hapa Kolwezi. Alitoka na mfuko begani na viatu vya kazi mkononi. Akawaaga kwa adabu. Alifika kwenye lango la bati, akaweka mkono kwenye komeo.

"Ni mimi!" Darlène alilia. "Mama, ni mimi! Rémy hakuiba kitu. Mi nilipoteza kisu jana, na mi niliweka kijiti!"

Mama Mushiya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mkono shavuni. Kwa muda alionekana mtu asiyejua aanze kumkasirikia nani.

"Ulikuwa na kamba?" aliuliza mwishowe.

"Hapana, mama. Niliifungua. Nilifunga kisu mu kitenge."

"Ee Mungu wangu." Alifumba macho. "Haya, sema yote. Tangu kwa mulango. Usiruke kitu."

Darlène alisema yote, na machozi, na kamasi, na habari ya kucheka kwa Glodie. Alipofika kwenye reli na kitenge kulegea, mama yake aliinua mkono. "Ngoja. Kitenge ililegea kwa reli?"

"Ndiyo."

"Basi ungalisema jana, tungalienda jana, kabla ya batu kupita." Alisimama. "Twende. Na wewe, Rémy…" Akasita. "Kama utakubali. Macho yako imezoea kutafuta chini."

Rémy aliweka mfuko wake chini kando ya lango. Hakuurudisha chumbani, lakini alikuja.

Kwenye reli walitafuta kati ya mawe, kwenye matope, chini ya nyasi. Rémy alikwenda kwa magoti, akigeuza jiwe baada ya jiwe kwa utaratibu wa mtu ambaye mawe ndiyo mkate wake. Hawakupata. Mtu mwingine angesema yamekwisha. Lakini kando ya reli mwanamke mnene aliuza miwa, na alikuwa akiwatazama tangu walipofika.

"Bamama, munatafuta nini?" aliuliza. Aliitwa Mama Brigitte.

"Kisu," alisema Mama Mushiya.

"Kisu ya namna gani? Nani ataniambia?"

Darlène alisogea. "Ya kukunja, mama. Mpini nyekundu. Iko na kipete ya chuma, na kwa mugongo iko na ulimi kidogo ya shaba."

Mama Brigitte aliitikia kwa kichwa, akainua pembe ya kitenge chake, akaanza kufungua fundo. Kutoka humo alitoa kisu. Rémy alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, akageuka pembeni. "Niliokota jana jioni," alisema mama yule. "Hii kisu inakata, mama! Tangu asubuhi nilimenya nayo miwa."

Mama Mushiya alimshukuru mara tatu, akanunua miwa ambayo hakuna aliyeitaka, kisha akaupitisha ubapa mbele ya macho. Karibu na ncha kulikuwa na pengo dogo. Fundo la muwa ni gumu. Akaguna, lakini hakumlaumu mtu aliyerudisha kitu kisichokuwa chake.

Njiani Darlène alitembea karibu na Rémy. "Ulijua ni mimi," alisema. "Sababu gani haukusema?"

"Ningesema, nani angesikia?" alijibu Rémy bila hasira. "Wewe mutoto wa nyumba, mi mupangaji. Wangesema, angalia mwizi, sasa anasingizia hata mutoto. Ni wewe tu uliweza kusema."

Darlène alimwomba msamaha, akitazama matope, kisha akajilazimisha kuinua uso na kumwomba tena.

Walipofika, majirani walikuwa bado ukutani. Mama Mushiya alisimama katikati ya ua, akapaza sauti kwa nguvu ileile aliyomtukania Rémy.

"Bajirani, munisikie! Kisu imepatikana. Rémy hakuiba. Ni mi nilimuita mwizi bila kuuliza, na nilikosa. Rémy, unisamehe." Kisha akauchukua mfuko kando ya lango kwa mkono wake mwenyewe, akaurudisha chumbani.

Alinoa kisu mpaka mchana. Pengo lilipungua, ila halikwisha. Alipomaliza alimwita Darlène, akamkalisha mbele yake.

"Kitu kupotea, inaweza kufika kwa kila mutu," alisema. "Hata mi ningeweza kuangusha kisu. Ndiyo sababu kuna kifuko na kamba. Kitu ya bei na ya makali inabebwa mahali pake, siyo mahali penye batu hawataicheka. Lakini lile kosa lako la kwanza lilikuwa la kisu tu. La pili, lile la kijiti, lilikuwa la mutu. Kisu tungeweza kununua ingine, hata kwa taabu. Jina la Rémy tungenunua wapi?"

"Sitarudia, mama."

"Siku umekosa, uniambie siku ileile. Nitapiga makelele, ndiyo. Makelele inaisha. Sasa vaa mukanda. Bijiti bile bikikauka, Tata Ngeleka hatasikiliza hadithi yetu."

Darlène alivaa mkanda, akafunga kamba kwenye kipete, akachukua kijiti cha kwanza. Rémy alikuwa ameanza kuwaletea miche, mmoja mmoja, na kuipanga kwenye kivuli.

"Kamba?" aliuliza mama.

Darlène alishusha macho, akaishika kamba, akaivuta kwa nguvu.

"Iko, mama."