Mgeni Aliyepita Bombani

Bomba la bafuni kwa mjomba Jonasi lilianza kuvuja Jumatatu mchana, na hilo lisingekuwa neno kama mji wa Nachingwea ungekuwa na maji. Haukuwa nayo. Wiki ya tatu ilikuwa inaingia, pampu imekufa, watu wanabeba madumu kwa baiskeli kutoka visimani, koki za mtaa mzima zinapumua hewa kama wazee wenye pumu. Ila ndani ya nyumba ile, tone. Kimya. Tone.

Dionisia alilisikia akiwa sebuleni anaandika barua ya kuomba kazi, ya arobaini na kitu. Shahada alikuwa nayo tangu 2004, sasa ni 2006, na kazi pekee aliyoipata ni kulinda nyumba ya mjomba wake. Ilikuwa moja ya zile zilizoachwa na Wazungu wa mradi wa karanga: kuta nene, mabomba ya chuma yamepita ndani ya ukuta kama mishipa. Mjomba na mkewe walikwenda Nandagala, upande wa Ruangwa, kuvuna ufuta. Siku ya kuondoka, mjomba alisimama mlangoni na begi begani.

"Msomi wangu, nikirudi nikute nyumba kama nilivyoiacha. Nikiikuta imeharibika, utatafuta pengine pa kusomea magazeti."

Alisema huku anacheka, lakini kila aliyewahi kuishi kwa ndugu anajua kuwa utani wa namna ile una meno. Na Dionisia hakuwa na pengine. Mama alishazikwa, baba alishaoa, na chumba cha Dar mwenye nyumba alishampa mtu mwenye mshahara.

Aliweka beseni chini ya tone.

"Condensation," akajiambia. "Simple physics." Fizikia aliiacha kidato cha pili. Chuo alisoma sosholojia, ndiyo maana yuko nyumbani.

Fundi bomba wa mtaa, Seleman, alikuja jioni na spana yake na maneno yake.

"Dada Dio, unanitania. Maji yenyewe yako wapi hata yavuje?"

"Ningekuwa najua ningekuita wewe?"

Seleman alifungua bomba nje, pale kwenye mita. Akatoka buibui, amebeba mayai tumboni. Akaingiza kidole, kikarudi na vumbi jekundu. Akaingia bafuni, akachuchumaa, akalitazama tone likijijaza taratibu, likining'inia, likianguka. Alikinga moja kiganjani, akalinusa, akakifuta kiganja ukutani haraka.

"Linanuka shimo," alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Shimo lililochimbwa leo. Dada, nina shangazi yangu kule Chiola, Bi Mwamini. Mambo ya namna hii anayajua."

"Namna gani?"

"Ya namna hii."

"Seleman, nimekuita unifungie bomba, sijakutuma uniletee mganga. You people. Ndiyo maana nchi imekaa pale pale ilipo."

"Sawa, msomi," alisema Seleman, akaondoka bila kugeuka. Spana aliiacha sakafuni, na hakurudi kuichukua.

Jumanne Dionisia akaamua kujifanyia mwenyewe. Alikata tyubu ya baiskeli vipande virefu, akafunga ile kona ya bomba, akakaza kwa meno. Tone likakata. Hakumaliza hata kunawa, akasikia linadondoka jikoni. Akafunga jikoni, likahamia ukumbini. Akafunga ukumbini, likarudi jikoni, chini ya karo. Halikuwa linavuja tena, lilikuwa linazunguka nyumba kama mtu anayetafuta mlango.

Saa saba mchana, saa ambayo hata kuku wa Nachingwea hutafuta kivuli na barabara inabaki tupu, Dionisia alikuwa amepiga magoti chini ya karo, kipande cha tyubu mdomoni, mikono imelowa, akili iko kwenye fundo. Sauti ya mwanamume ikasema, taratibu, kwa uchovu wa mtu aliyetembea sana:

"Hodi."

"Karibu," akajibu Dionisia.

Nani asingejibu? Mtoto wa kwetu hufundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa kuvaa viatu. Hodi ikibishwa, karibu inatoka yenyewe, uso baadaye. Ila kabla hajafunga mdomo alikumbuka kuwa mlango wa mbele uko kulia kwake, na wa nyuma uko mgongoni, na sauti ile ilitoka kushoto, bafuni, mahali pasipokuwa na mlango wa nje wala dirisha la kupitisha paka.

Koki zote za nyumba zikakohoa, mara moja, kwa pamoja.

Aliposimama aliona nyayo. Nyayo za maji, pana, zimetoka bafuni, zimepita ukumbini pasipo haraka, zimekwenda hadi kwenye kiti cha mjomba sebuleni, na pale zimekoma, maana aliyefika alikuwa amekaa. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea na unachuruzika.

Usiku ule Dionisia hakulala, na Jumatano hakula, kwa sababu kila alichokiweka mezani kilikuwa kimelowa upande mmoja, kama mtu amekimega kwanza kwa mkono wenye maji. Na akikaa sebuleni kiti kinalia, na akienda chumbani kinanyamaza kusikiliza, na ule unyevu wenye harufu ya shimo ukawa unapanda ukutani, kwanza usawa wa kifundo, kisha usawa wa goti, kisha usawa wa bega la mtu aliyekaa, na rangi aliyoipaka mjomba kwa mikono yake mwaka juzi ikawa inabanduka na kuanguka vipande vipande, huku yeye akifuta, akikamua tambara, akifuta, akijua kuwa anachokifuta si maji tu, ni mahali pake pa kulala.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Mjomba alikuwa amepanda kilima cha Nandagala kutafuta mtandao.

"Dio, Jumapili tuko nyumbani. Nyumba nzima?"

"Nzima, mjomba."

"Nani huyo anayekohoa hapo?"

Dionisia hakugeuka. "Redio," alinong'ona.

Hapo hofu yake ikageuka hasira, na hasira ndiyo mali pekee aliyotoka nayo chuoni. Mgeni? Mgeni ana utaratibu wake, akajiambia. Jumanne moja, Jumatano mbili, leo Alhamisi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna mgeni mvivu asiyefungasha akiliona jembe. Akaenda stoo, akachukua jembe la mjomba, akaliegemeza kwenye kiti kile kilicholowa.

"Bwana mgeni," alisema, "umekaa, umekula, umelowesha. Siku zako mbili zimekwisha. Jembe hilo hapo. With all due respect, ama unalima ama unaondoka."

Kiti kikalia. Mto ukainuka polepole. Jembe likanyanyuka, likaelea usawa wa bega, likatoka kwa mlango wa nyuma, na nyayo za maji zikalifuata nje hadi uani, zikapotelea kwenye vumbi.

Ikawa kimya. Hakuna tone bafuni, hakuna jikoni. Dionisia alikaa sakafuni akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akajilaza pale pale sebuleni na kulala usingizi wa siku tatu kwa mchana na usiku mmoja, mzito hivi kwamba hakusikia chochote.

Kilichomwamsha Ijumaa alfajiri, giza bado limo ndani, ni kengele ya baiskeli, akakurupukia nje bila kutazama sakafu. Seleman alikuwa amempakia shangazi yake kutoka Chiola. Bi Mwamini alishuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akafika ukingo wa uwanja, akasimama. Mguu mwingine hakuuongeza.

"Shikamoo, bibi. Mmechelewa. Nimeshamtoa."

"Marahaba. Umemtoaje?"

"Nimempa jembe."

Bi Mwamini alikaza fundo la kanga. "Akaondoka?"

"Akatoka nje."

"Sikuuliza kama alitoka nje, mwanangu. Hata mimi hutoka nje kila asubuhi." Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. "Babu yako, baba yake Jonasi, unajua alikujaje hapa?"

"Alivuka Ruvuma. Alikimbia kazi za shuruti za Wareno."

"Alifikia kwa baba yangu, na mkeka na kuku mmoja. Siku mbili alikula kwetu. Siku ya tatu baba akampa jembe." Akainua kidevu kuelekea nyumba. "Aliondoka?"

Dionisia aligeuka kuutazama mlango aliouacha wazi.

"Angebaki mgeni ningemsindikiza leo hii," alisema Bi Mwamini, "kwa unga wa mtama na maneno mazuri, hadi njia panda. Kazi ya nusu siku. Lakini mwenye jembe hasindikizwi. Mwenye jembe ana shamba, na mwenye shamba ni mwenyeji. Sasa ni yeye wa kukuonyesha mpaka."

"Bibi, nije kwako. Siku mbili tu."

"Ukija, utakuja na jirani yako." Akapanda baiskeli. Seleman hakuthubutu kumtazama Dionisia usoni.

Dionisia alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Ua wote wa nyuma ulikuwa umelimwa matuta, yamenyooka, udongo umelowa na kunuka vile vile, na matuta yale yalifika ukutani na hayakuishia pale. Ndani, saruji ya jikoni ilikuwa imevimba mistari mistari. Sebuleni yalikuwa yamepita kandokando ya mahali alipokuwa amelala, kiti cha mjomba kimesogezwa pembeni kwa adabu, na yaliendelea ukumbini, yakaingia chumbani kwake, yakazunguka godoro lake bila kuligusa. Pande zote nne palichorwa mfereji mwembamba, ule ule ambao watu huchimba kugawa shamba na shamba. Katikati ya mfereji huo ndipo palipokuwa na sehemu yake: urefu wake kamili, upana wa mabega yake, wala hakuna aliyewahi kumpima.

Pale tu ndipo palipokuwa pakavu katika nyumba nzima. Keshokutwa mjomba angerudi, na mahali pengine pa kwenda hapakuwepo. Dionisia alisimama hadi miguu ikachoka, kisha akavuka mfereji, akajilaza chali, mikono ubavuni, kwa sababu nafasi haikuruhusu kuiweka kwingine.

Chini ya mgongo wake jembe likaanza tena, taratibu, bila hasira, kama mtu aliyerudi kazini baada ya mapumziko. Alisikiliza pigo baada ya pigo, akingoja lihamie upande mwingine. Halikuhama. Kila pigo lilisikika mbali kidogo kuliko lililotangulia, likienda chini, na lilichimba sehemu yake tu.