Kimo cha Nyumba ya Jirani

Duka la vitambaa lilijaa hadi mlangoni. Mshonaji, ndani ya gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, alikuwa akichagua bitana pale kijana mrefu mwenye penseli sikioni alipomgeukia.

"Dada, kitambaa gani kinaonekana kwa mbali?"

"Unashona nini?"

"Sishoni, nachora ramani za nyumba. Nasimamisha miti, nafunga kamba yenye vitambaa juu yake, majirani waone nyumba itafika wapi kabla haijajengwa."

"Basi chukua hiki chekundu. Hakichuji."

"Na namba yako ya simu?"

Alicheka huku akitazama chini, akampa.

Kwa wiki tatu walipigiana simu kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, au umetafuna penseli?"

Asubuhi moja mama yake mshonaji alimwita. Miguu ilikuwa imemgomea, naye alishinda dirishani akisalimiana na wapita njia.

"Njoo uone, mwanangu. Wananizibia barabara."

Kwenye ua wa jirani, chini kidogo ya kwao, miti minne ilisimama. Vitambaa vyekundu vilipepea usawa wa macho ya mama.

Mshonaji hakupokea simu siku nne. Ya tano akapokea.

"Unamfungia mama yangu gerezani! Vitambaa vyako vimeziba dirisha lake!"

"Ni kwenu hapo? Haki ya Mungu sikujua. Lakini hakuna tofali lililowekwa, mpenzi. Niko hapa uani kwa jirani yenu. Mpe mama simu, aniambie nishushe kamba hadi wapi."

Mama akaishika kwa mikono miwili. "Shusha, baba. Shusha tena. Bado... Hapo! Naona njia yote!"

Kando ya kijana, jirani, mwalimu mstaafu aliyetaka kumjengea bintiye nyuma ya nyumba yake, alikuna kichwa. "Ghorofa ndiyo imekwenda hivyo?"

"Tutapanua chini, mwalimu. Vyumba viwili, paa la vigae kama la nyumba kubwa, na ua wa maua hatuugusi."

"Basi sawa. Salamu za dirisha lile nami nazitaka."

Mama hakuirudisha simu. "Kumbe wewe ndiye mpiga simu wa jioni! Unaoa lini?"

"Mama!" Mshonaji alijifunika pazia.

"Hata leo, mama, akinikubali," kijana alijibu.

Pazia likatikisika. Halafu mshonaji akatoa kichwa nje ya dirisha, akasema "Ndiyo" kwa sauti iliyofika uani bila simu.