Mdhamini wa Werema

Siku ya tisa tangu lori lake la Kenta lije nyumbani, Werema alikuta kiti cha abiria kimeloa tena.

Mvua haikuwa imenyesha Kewanja wiki nzima. Vioo vilikuwa vimefungwa, na ufunguo alilala nao mfukoni. Juu ya kiti kulikuwa na tope jekundu, lile zito la chini kabisa ambalo mchimbaji hulifikia baada ya futi mia, nalo lilikuwa limejichora umbo la makalio na mgongo wa mtu mzima. Lilinuka mahali pasipoingia jua.

"Labda ni wale makuli," alisema Wegesa, mkewe, akiwa amesimama mlangoni na mimba yake ya miezi saba.

"Labda," alijibu Werema, ingawa alijua kuwa makuli wote hupanda nyuma, juu ya viroba vya mawe. Akafuta kiti kwa tambara, akawasha gari, akaondoka. Mwenye gari la mkopo hana nafasi ya kushangaa mambo.

Gari lenyewe alilipata kwa mbinde. Mwaka ule dhahabu ilikuwa imewachanganya watu akili. Kila mwenye mikono alikuwa shimoni, na kila mwenye gari alikuwa anabeba mawe ya wenye mikono. Werema alikuwa ameendesha magari ya wenzake miaka sita, akiwahesabia wenzake faida. Siku moja alipita Tarime mjini kwenye yadi ya Ashrafu, muuza magari mwenye maneno matamu kuliko tende, akaiona Kenta ya bluu, tani mbili, tairi mpya. Ashrafu akamwambia, "Bwana Werema, hii inakusubiri wewe. Leta kianzio, kinachobaki kampuni ya mkopo ya Mwanza inakulipia, wewe unarudisha kidogo kidogo kila mwezi. Ukichelewa siku saba, gari linarudi yadi, na kianzio hakirudi. Lakini wewe utachelewaje?"

Kianzio kilikuwa ng'ombe wanane, na ng'ombe wale walikuwa wa mahari, tayari wana mwenyewe. Mzee Magige, baba yake Wegesa, aliyekaa upande wa Manchira, alikuwa amemruhusu kijana amchukue binti kwanza, mahari ifuate. Ilikuwa inafuata mwaka wa pili sasa. Kwa Wakurya ng'ombe ndiyo ndoa. Mtoto ni wa aliyetoa ng'ombe, hata kama aliyemzaa ni mwingine. Hilo hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua. Werema alilijua vizuri sana, na bado akawaswaga ng'ombe mnadani, akajiambia kwamba Kenta ingezaa wengine kabla mwaka haujaisha. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, lakini nani huwasikiliza wahenga akiwa ameshaona tairi mpya?

Ikabaki mdhamini. Kampuni ilitaka mtu mwenye kitambulisho, picha na dole gumba, atakayelipa endapo Werema angeshindwa. Werema akazunguka. Mwalimu Laurian wa shule ya msingi alimwangalia kwa huruma akasema, "Ndugu yangu, hata mimi mwenyewe natafuta wa kunidhamini." Wengine hawakujibu hata simu.

Ndipo akamkumbuka Kornelio.

Kornelio alikuwa mwenzake wa kuchimba kule Nyakunguru, kabla Werema hajamjua Wegesa. Siku moja ya masika aliteremka kwenye duara, shimo lao la kuchimbia, akiwa amemwachia Werema koti lenye kadi yake ya mpiga kura, kama wachimbaji wanavyoacha karatasi zao juu zisiloe. Duara likaporomoka, likafunga. Watu walichimba siku nne, wakachoka, wakaacha. Hakuwa na mke wala mtoto. Hakuzikwa na mtu, ardhi ilimzika yenyewe, na kadi ikabaki kwa Werema.

Ashrafu aliipokea kadi ile. "Huyu mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko machimboni. Hatoki mara kwa mara."

"Basi chukua fomu, mpelekee aweke dole. Watu wa Mwanza hawaji huku kuhakiki."

Werema aliichukua fomu, akazunguka nyuma ya yadi penye mabodi mabovu ya magari, akabonyeza dole gumba lake la kushoto kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Palipoandikwa namba ya simu akaandika ile ya Kornelio, iliyozama pamoja naye. Alijiambia kwamba marehemu hasumbuliwi na mtu wa marejesho. Akalitamka jina kwa sauti huku akiliandika, herufi kwa herufi, asikosee.

Wiki ya tatu tangu Kenta ije nyumbani, akiwa karashani Nyakunguru kwenye mashine ya kusaga mawe, bibi mmoja anayeponda mawe kwa nyundo aliinua uso akasema, "Habari za safari, mwanangu. Na mwenzako?"

"Nani, bibi?"

"Huyo uliyekaa naye mbele. Nimemsalimia, ananiangalia tu."

Werema hakugeuka. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosini, watu wamejaa, mashine zinanguruma, na bado alihisi ubaridi ukimpanda kutoka kwenye nyayo. Alipojikaza akatazama, kiti kilikuwa kitupu, lakini kioo cha upande ule kilikuwa na ukungu kwa ndani, kama kinavyokuwa mtu akikipumulia kwa karibu.

Tangu hapo makuli walianza kukataa kuukaribia mlango wa kushoto. Walianza pia kusikia mlio chini ya bodi, tindo ikigongwa kwa nyundo, polepole, kwa utulivu wa mtu anayejua ana muda mrefu. Fundi akalifungua gari zima, akalifunga, akasema ni zima kuliko yeye. Werema alitaka kulikimbia. Alikimbilie wapi? Akiliacha wiki moja tu, marejesho yanalala, gari linachukuliwa, na ng'ombe wanane wa watu wanakuwa wamekwenda bure. Aliamka kila asubuhi akafuta tope, akaingia, akafunga mlango, akaendesha akiwa ameangalia kulia.

Mwezi wa nne serikali iliyafunga maduara kwa sababu ya mafuriko. Mawe yakakosekana, na fedha pia. Siku ya saba baada ya tarehe ya marejesho, Werema alimpigia Ashrafu aombe huruma, maneno yote ameyapanga.

"Huruma ya nini?" Ashrafu akacheka. "Si mdhamini wako ameshalipa?"

"Amelipa nani?"

"Kornelio. Alikuja asubuhi tunafungua. Mtu mstaarabu, ila haongei. Noti zake zilikuwa zimeloa chapachapa, tumezianika juani, na ametuachia tope hadi ukutani. Lakini wewe una bahati, bwana. Kumbuka tu kile kipengele cha sita cha mkataba: mdhamini akilipa, anasimama mahali pa mkopaji."

Werema alikaa chini palepale.

Kesho yake, kabla hajanywa chai, alikuwa Tarime kwa Maalim Hamim, mshona nguo wa karibu na msikiti ambaye watu wa dini zote humwendea mambo ya namna hii. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani. Kisha akaisimamisha.

"Shikamoo yako nimeipokea, lakini jambo lako ni zito," alisema kwa sauti ya chini. "Kornelio amekufa, na aliyekufa harudi kulipa marejesho. Ila jina likiitwa na mwenyewe hayupo, yupo anayeitika. Ni jini. Limelivaa jina kama mtu anavyovaa koti lililookotwa. Na hukuliita kwa mdomo tu, umeliwekea dole."

"Ulitoe, Maalim. Nakuomba."

"Nikilisomea leo litaniuliza, nimekosa nini? Nimeitwa kudhamini, nadhamini. Nitalijibu nini? Uliloliita kwa mkataba litoke kwa mkataba. Rudisha gari leo hii, jina lifutwe kwenye fomu. Likishakosa kazi kwako, njoo, hapo nitakuwa na nguvu juu yake."

Werema akaona tundu la kutokea. Kianzio na kipotee! Mkwe atamtukana, atamtukana, mwisho atanyamaza. Aliiingiza Kenta kwenye yadi mbiombio, akatupa ufunguo mezani kwa Ashrafu.

"Narudisha. Sidai hata senti."

Ashrafu alishangaa, akavuta droo, akatoa fomu nyingine. "Sawa. Kurudisha kunasainiwa na watatu: mimi, wewe, na mdhamini, kwa kuwa ameshalipa na ana haki humo. Ngoja nimpigie."

"Usimpigie!"

Lakini Ashrafu alikuwa ameshabonyeza na kuiweka simu mezani kwa sauti ya juu. Ikaanza kuita. Na kule nje, ndani ya Kenta iliyofungwa milango yote, ambamo Werema alikuwa ametoka peke yake dakika moja iliyopita, simu ikasikika ikilia, mlio mzito uliozibwazibwa kana kwamba unatoka chini ya udongo mwingi, ikalia mara moja, ikalia mara mbili, na Werema akiwa ameshika ukingo wa meza akaona kupitia dirishani kioo cha upande wa kushoto kikiingia ukungu kuanzia chini kwenda juu, taratibu, mpaka kikawa cheupe chote, na hapo ndipo mlio ulipokatika na mtu akapokea.

"Naam," ilisema sauti mezani.

"Bwana Kornelio, mwenzako anataka kurudisha gari. Unaridhia?"

Mahali fulani upande wa pili maji yalikuwa yanadondoka.

"Siridhii," ilisema sauti. Ilikuwa ya Kornelio kabisa, mpaka kile kikohozi chake cha vumbi. "Asirudishe kitu. Chochote anachodaiwa Werema, mimi nalipa."

Ikakata. Ashrafu alikuwa anatabasamu. "Na mimi ningekuwa na ndugu kama huyo!" Akamrudishia ufunguo kiganjani.

Werema alirudi Kewanja kwa miguu na kwa lifti za pikipiki. Kenta aliiacha imeegeshwa mbele ya yadi, ufunguo ameutupa mtaroni. Alifika jioni jua likiwa bado lipo, akaikuta imeegeshwa pembeni ya nyumba, injini inakoroma kwa joto. Ufunguo ulikuwa juu ya bodi, umejaa tope.

Wegesa alitoka mbio, mikono ina unga. Hakuwa amefurahi hivyo tangu aolewe.

"Wewe mwanaume ni msiri!" alisema huku akimpiga bega. "Kumbe ulikuwa unapanga na hunambii! Baba amepiga simu. Ng'ombe wamefika."

"Ng'ombe gani?"

"Usinichezee. Wanane, wote wanene. Wazee wamekaa, wamewahesabu, wamewapokea. Baba anakungoja umpigie."

Werema aliitafuta namba ya mkwe wake, akakosea, akaitafuta tena. Wegesa alirudi jikoni akiimba. Upande wa pili kulisikika kelele za watu wanaokunywa na ng'ombe wakilia zizini.

"Shikamoo, tata. Ni mimi, Werema."

"Werema yupi?" aliuliza Mzee Magige.

"Mume wa Wegesa."

Mzee akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba. "Acha utani, mura. Mume wa Wegesa nimekaa naye hapa. Kornelio. Ametoa ng'ombe wanane mbele ya wazee, na wakishapokelewa hawarudi, unajua mwenyewe. Ametueleza yote, kwamba wewe ulikuwa unamtunzia mke wakati yuko machimboni. Umefanya vizuri. Tumekutengea mbuzi."

"Tata, huyo mtu amekufa! Nilikuwepo! Alifukiwa nikiona!"

"Wafu hawana ng'ombe," alisema mzee, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Wewe ndiye mwaka wa pili uko hai na sikuona hata ndama. Jumamosi anakuja kumchukua mke wake na mtoto wake. Wafungie nguo vizuri. Subiri, anataka kukusalimia."

Simu ikabadilisha mkono. Kelele za wanywaji zikafifia, kana kwamba mtu amefunga mlango mzito, na maji yakasikika yakidondoka. Werema alitaka kukata, lakini aliogopa kukata kuliko kusikiliza.

"Werema," ilisema sauti, kwa upole wa rafiki wa kweli. "Sasa pumzika. Hudaiwi na mtu tena."

Jikoni, Wegesa aliacha kuimba, akauliza wamesema nini. Werema alisimama na simu sikioni, akihesabu siku zilizobaki kufika Jumamosi.