Stempu Iliyolowa

Ulimi wa karani Eliufoo ulinaswa na stempu mbele ya foleni nzima ya posta ya Same, naye ndiye aliyekuwa ametoka kuwagombeza watu wasilambe stempu kama mbuzi kwenye magadi.

"Karani," akauliza Melkizedeki, mzee wa kanisa kutoka Bombo, "serikali haikulishi?"

Watu wakacheka. Kosa lilikuwa la Eliufoo mwenyewe. Ni yeye aliyeitoa stempu ile kwenye kitabu chake cha nyimbo ili ajisifie ujana wake wa upishi melini: jinsi kisiwa kimoja cha Waingereza, mwisho kabisa wa bahari, kilivyoishiwa stempu za London, padri akachonga ubao na kuzichapa mwenyewe, chache, zimepinda, gundi yake ya mifupa ya samaki. Mazoea yakamponza. Miaka kumi na mbili ya kazi, stempu ikigusa mkono, ulimi hutoka. Akasahau neno la padri alipompa stempu ile: "Hii usiilowanishe."

Aliibandua ulimi ukitoka damu.

Mchana ule ule, katika Same iliyokauka mpaka mkonge unasinyaa, posta ikanuka mwani. Alipofunga mlango akale, muhuri ukaanza kugonga ndani peke yake, ta, ta, ta, na alipochungulia dirishani akaona kiti chake kimelowa, na nyayo za maji zikitoka kitini kuja mlangoni, zikapenya chini ya mlango, zikapita katikati ya miguu yake mwenyewe, zikashika njia ya nyumbani kwake, naye akazifuata mbio, mdomo umejaa chumvi, akiomba kwa Kipare, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa matusi ya mabaharia, lugha zote alizokuwa nazo.

Mkewe Dorkas alikuwa uani, amemkumbatia binti yao.

"Baba Priska," akanong'ona, "nimesugua. Haitoki."

Kwenye paji la uso la mtoto palikuwa na muhuri wa posta: SAME, 14. Mwezi na mwaka havikusomeka. Siku ile ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Wakamwita mganga Isihaka kimyakimya, mchungaji asisikie. Isihaka akafukiza ubani, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Stempu ikilowa, safari imefunguliwa," akasema kwa sauti ya chini. "Hukumpa jini wake barua ya kubeba, kajichagulia mzigo: mtoto huyu, na tarehe ya muhuri ndiyo ya kuondoka naye. Mwandikie padri wako. Bandika stempu hiyo hiyo."

Eliufoo aliandika sentensi moja: "Padri, mgeni wenu amerudi?" Kando akabandika na stempu halali ya serikali, maana hata akiwa na hofu alikuwa karani. Treni ya tarehe kumi na tatu ikaibeba.

Tarehe kumi na nne Priska aliamka akidai uji, paji safi, muhuri umefutika. Eliufoo alilia mbele ya majirani bila aibu, na kufikia jioni alishaanza kujigamba: ni karani gani mwingine aliyewahi kumsafirisha jini kwa barua ya rejista?

Miezi mitano baadaye jibu likaja, mwandiko wa padri. Eliufoo akatazama kwanza kalenda ya ukutani. Tarehe kumi na tatu. Akafungua. Karatasi nzima ilikuwa na neno moja:

"Hapana."