Evaristo Alilipia Saa Nzima

"Mwanangu, yule si mchumba wako wa kwenye picha za simu yako?"

Amparo alichungulia nje ya gari. Don Hilario, kiongozi wa bendi yao ya mariachi, waimbaji wa kukodiwa wa Meksiko, hakukosea. Mteja aliyewasubiri alfajiri ile chini ya dirisha la watu, waridi mkononi, alikuwa Evaristo. Na ujumbe wake wa jana ulikuwa bado kwenye simu: "Mpenzi, huku Monterrey kazi imenibana. Nitarudi Krismasi tufunge ndoa."

Amparo alikuwa amejiunga na bendi bila Evaristo kujua, ili aje amwimbie siku ya harusi yao.

Don Hilario akasema wageuze gari, atasingizia pancha.

"Kazi ni kazi, mzee," Amparo alijibu, akaishusha kofia yake pana hadi kwenye nyusi. "Ameshalipia saa nzima."

Evaristo hakumtazama hata mara moja. Macho yote dirishani kwa Zenaida, msichana aliyekuja kumposa, maana kwao Jalisco dirisha likifunguliwa, mwanamume amekubaliwa. Akaagiza wimbo wa kuapa kupenda hadi kaburini. Wimbo uleule aliouleta mwaka jana dirishani kwa Amparo.

Amparo akasogea mbele, akauimba mwenyewe. Aliuimba kama mtu anayezika. Kwenye ubeti wa pili Evaristo akageuka kumtazama mwimbaji. Sauti ile aliijua.

Dirisha likafunguka. Zenaida alikuwa akilia na kucheka.

Amparo akavua kofia.

"Dada, mimi pia nilimfungulia kwa wimbo huu. Soma." Akamnyooshea simu.

Zenaida akasoma, akasoma tena.

"Evaristo, kumbe hapa ndipo Monterrey?"

"Amparo, nisikilize kwanza..."

"Mteja, rudi nafasi yako. Hatujamaliza."

Majirani walishatoka na vikombe vya kahawa. Zenaida akaegemea dirisha, akajifuta macho kwa kiganja.

"Dada, hamna wimbo wa kumfukuza mwanamume?"

"Tunazo nyingi kuliko za kumwita," Don Hilario akadakia, akainua tarumbeta.

Wakaimba wanawake wawili, mmoja juu, mmoja chini, na majirani wakaitikia. Evaristo akashika njia na waridi zake. Amparo akampigia ukelele kutoka nyuma:

"Unakwenda wapi? Saa yako bado haijaisha."