Unga Kidogo Tu

Kinyozi alikuwa na jina lake, lakini mtaa mzima ulimwita Mbona. Alistahili. Mteja akikaa tu kitini, maswali yanaanza. "Mbona nywele zimepungua huku? Mbona leo umechelewa?" Mkewe, mshonaji, hakuwa mtu wa maswali. Yeye aliona haya kuuliza, ila macho yake hayakupitwa na kitu. Mshono ukipinda kidogo tu, anaufumua.

Asubuhi moja binti yao alipiga simu kutoka nchi ya mbali. Alikuwa anaolewa.

"Mama, gauni utalishona wewe," alisema. "Sitaki fundi mwingine."

Mshonaji alipiga vigelegele. Kisha akakaa chini, furaha imemtoka.

"Mbona umenyong'onyea?" mumewe akauliza.

"Tumbo langu, Baba watoto. Huko nitakula nini?"

Mshonaji alikuwa na ugonjwa wa siliaki. Daktari alimkataza ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Nyumbani haikuwa shida. Alikula wali, viazi, maharage na samaki, tena alikuwa na sufuria yake mwenyewe. Shida ilikuwa kula kwa watu. Siku moja, kwa wifi yake, aliuliza kama mchuzi una ngano.

"Ngano? Haimo hata chembe!" wifi aliapa.

Alikula. Wiki nzima hakugusa cherehani. Baadaye Mbona alimwendea dada yake. "Mbona ulisema ngano haimo?"

"Sasa ngano imetoka wapi?" dada alishangaa. "Mimi nilitia unga kidogo tu, mchuzi uwe mzito."

Walicheka mpaka machozi. Lakini mshonaji hakusahau yale maumivu.

Jioni hiyo walimwita jirani yao, muuguzi.

"Hebu nieleze," Mbona alianza. "Mbona kijiko cha unga kimlaze mtu mzima?"

"Mwili wa dada huyu unaiona ngano kuwa adui," muuguzi alijibu. "Unapigana nayo. Lakini katika vita hivyo unaumiza utumbo wake mwenyewe. Hata chembe inatosha."

"Si ameze dawa kabla ya kula?"

"Dawa hiyo haipo, shemeji. Dawa ni kutoila kabisa."

"Basi siendi," mshonaji alisema.

"Utakwenda! Daktari hakukukataza safari. Amekukataza ngano." Muuguzi akavuta kiti karibu. "Waambie watu wa ndege mapema chakula unachohitaji. Beba chako cha njiani, lakini kwanza uliza nchi ile inaruhusu kuingiza nini. Tena binti akuandikie kadi kwa lugha ya huko. Asiandike ngano peke yake. Aandike unga wa ngano, mkate, tambi, hata mchuzi wa soya."

"Soya nayo?" Mbona akashangaa.

"Michuzi mingi ya soya hutiwa ngano. Na ukishatoa kadi, dada, usiishie kuuliza 'kuna ngano?' Uliza, 'Umepikaje? Umepikia nini?'"

Mbona aliruka. "Kumbe mimi ndiye dawa! Nitamuulizia."

"Hutakuwa naye kila sahani," muuguzi alisema. "Ajifunze mwenyewe. Kuuliza si ujinga."

"Naona haya," mshonaji alinong'ona.

"Haya haishoni gauni, dada yangu."

Walisafiri. Kwenye ndege chakula chake kilikuja na jina lake juu. Kwa binti yake alishona kwa raha. Ikabaki pindo la gauni tu, la kumalizia asubuhi ya harusi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, wakwe waliwapeleka kwenye mkahawa. Mshonaji alitoa kadi. Mpishi alikuja mwenyewe, akaisoma, akatabasamu. Binti alitafsiri: "Anasema atakupa samaki wa kuchoma na viazi vya kukaanga. Hakuna unga."

Sahani ililetwa. Mbona alikuwa ameenda kunawa. Wakwe walikuwa wameshika uma, wanamngoja mgeni aanze. Mshonaji akatazama sahani yake. Kwenye kiazi kimoja paliganda chembe ya kahawia.

Haya ilimbana. Hawa ndio wakwe wa mwanawe! Lakini alikumbuka mchuzi wa wifi. Akakumbuka pindo la gauni.

"Mbona kiazi hiki kina chembe?" aliuliza. "Mwanangu, muulize amekaangia mafuta gani."

Binti aliuliza. Mpishi akainama, akatazama, akajipiga kofi kwenye paji la uso. Mafuta yale yale yalikuwa yamekaangiwa kuku aliyeviringishwa kwenye unga wa mkate!

"Samahani sana! Nitaviondoa viazi."

"Na samaki pia," mshonaji alisema. "Wamegusana."

Mpishi alichukua sahani nzima. Akachoma samaki mwingine kwenye wavu safi na kuchemsha viazi kwa sufuria safi. Mama mkwe aliweka uma chini. "Tutakula pamoja," alisema, na wote wakangoja.

Mbona akarudi, mikono imelowa. "Mbona hamli?"

Meza nzima iliangua kicheko.

Asubuhi mshonaji aliamka tumbo limetulia. Alimaliza pindo, akakata uzi, akamvalisha mwanawe. Binti alipotoka chumbani, kinyozi alimtazama, machozi yakamwagika.

"Mbona unalia?" mkewe akamuuliza.

Mbona alifuta machozi. "Mbona wewe hulii?"