Kijiwe cha Mdako

Kila asubuhi kabla ya kengele, Jenifa na rafiki yake Mariana walicheza mdako nyuma ya darasa la sita. Sheria ilikuwa moja: ukigusa kijiwe kisicho chako, unasema mwenyewe na zamu inakwenda kwa mwenzako. Jenifa akigusa, kwanza alichungulia kama Mariana ameona. Asipoonekana, aliendelea. Tena alikuwa haachi kijiwe laini njiani. Mama yake alisema akifua sketi yake anavuna changarawe za kujengea choo.

Siku ya ziara ya darasa, Mariana hakutaka kucheza.

"Leo Luka atafunga mdomo," alisema.

Baba yake Mariana, Maduhu, alicheza ngoma na chatu shingoni, na Luka, mwanafunzi mwenzao, alikuwa hasadiki. "Chatu gani? Labda kamba ya ng'ombe!" Mwalimu Onesmo alikuwa amepanga yote: kwanza wataona shimo la mgodi wa almasi, kisha watapita kijiji cha Songwa, Maduhu awachezee kabla kundi lake halijaondoka kwenda Geita.

Mgodini, mlinzi aliwaonya langoni. "Kutazama ruksa. Kuokota hapana, hata changarawe."

Shimo lilikuwa kubwa mno; malori kule chini yalionekana kama siafu. Wenzake wakishangaa shimo, Jenifa aliona kijiwe cheupe, laini kama yai la njiwa. Hakuwaza almasi, aliwaza mdako tu. Akainama kama anayefunga kamba za kiatu, kijiwe kikaingia ndani ya soksi.

Wakati wa kutoka, lango halikufunguliwa.

"Kuna mwanafunzi ameinama kule," mlinzi alisema. "Sare zenu zinafanana, sikumtambua. Aseme mwenyewe, tuachane kwa amani."

Watoto wakatazamana.

"Semeni jamani, kabla hatujavuliwa viatu," alisema Mwalimu Onesmo. "Soksi zangu mimi zina madirisha."

Watoto wakacheka. Jenifa alifungua mdomo, kisha akaufunga.

Basi wakakaguliwa mmoja mmoja: mifuko, viatu, hata vyombo vya chakula. Jua likaanza kuinama.

"Mwalimu, baba atatusubiri kweli?" Mariana aliuliza.

Zamu ya Jenifa ilipofika, alikitoa kijiwe mwenyewe, akilia. Mlinzi alikigeuza juani, akatikisa kichwa. "Jiwe tu hili."

Walipofika Songwa, ngoma zilikuwa zimeshapakiwa kwenye lori. Maduhu aliinua kidogo kifuniko cha sanduku, wakaona mgongo wa chatu aliyejikunja. Luka akaruka nyuma. "Kumbe kweli!"

"Shikamoo, baba," Jenifa alisema kwa shida. "Mimi ndiye niliyewachelewesha. Naomba unisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe. Ila kucheza, labda mavuno yajayo, tukirudi huku."

Lori likapiga honi, likaondoka. Mariana alipunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Ndani ya basi Jenifa alikaa peke yake. Mwalimu Onesmo akaja kuketi kando yake.

"Mwalimu, lilikuwa jiwe tu."

"Najua. Ungesema palepale, ningekugombeza, ungelia kidogo, tungeondoka. Kosa lilikuwa dogo, ukalilea kwa kunyamaza mpaka likatumeza wote." Akashusha pumzi. "Jiwe tumelirudisha, Jenifa. Ile ngoma tutairudishaje?"

Asubuhi iliyofuata, Mariana alimwaga vijiwe chini bila kumtazama. Jenifa akarusha, akadaka. Kidole chake kikagusa kijiwe cha pembeni, kidogo sana. Mariana alikuwa anaangalia kwingine.

"Nimegusa," Jenifa alisema.

Mariana akageuka, akamtazama. Kisha akaokota vijiwe, akacheza zamu yake.